Dhamana ya Duka na Amana ya Mnunuzi



Watu wengi hudhani kwamba dhuluma ya biashara hukaa upande mmoja tu wa meza, yaani upande wa mwenye duka. Tumezoea kusikia mawaidha juu ya mizani iliyopunjwa na maziwa yaliyotiwa maji. Ni mara chache kuulizwa: je, mnunuzi naye aweza kuwa mwizi, ingawa hakuvunja mlango wala hakuvunja sharti lo lote lililoandikwa?

Swali hili nililetewa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, na ndugu ambaye hakuwa ametimiza mwaka tangu afanye baiati. Yeye na wenzake walikuwa na duara la dhahabu lililojaa maji ya mvua. Wakanunua pampu katika duka moja la mjini. Maduka mengi huandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, lakini duka hili lilitoa dhamana: pampu ikionekana ina kasoro kabla ya mwezi kwisha, mnunuzi airudishe, apewe fedha zake. Wakavuta maji kwa siku ishirini. Duara lilipokauka, wakaifuta pampu matope, wakalegeza waya mmoja, wakairudisha wakisema ni mbovu. Mwenye duka hakubishana. Alihesabu fedha akawapa.

“Sheikh,” akaniambia, “sharti aliliweka mwenyewe. Tena yeye ni tajiri, wala si Muislamu. Dhambi yetu iko wapi?”

Kwanza nilimwuliza: kama dhambi haipo, mbona umekuja kuuliza? Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba dhambi ni lile jambo linalochoma kifuani, nawe unachukia watu walijue. Waya ule haukulegezwa mbele ya mwenye duka. Hilo peke yake ni jawabu.

Lakini hebu tuseme hawakulegeza waya, na tuseme duka halikuuliza sababu. Je, ingekuwa halali kuitumia pampu mpaka haja ikaisha, kisha kuirudisha? Wafugaji wa Bukombe na Kahama watalielewa jawabu upesi. Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kumfunga chuchu ngamia au mbuzi ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo, kisha akamkamua na kuugundua udanganyifu, amepewa hiari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe. Lakini akimrudisha, atoe pamoja naye pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokamua.

Tafadhali lizingatie jambo hili. Hapa mdanganyifu ni muuzaji, na mnunuzi ndiye aliyeonewa. Hata hivyo ameamriwa asiondoke na manufaa ya mali ya mwenzake bure. Basi ikiwa aliyedanganywa hulipia maziwa, je, aliyedanganya atakunywa bila malipo? Dhamana ni ahadi juu ya kasoro, siyo azima. Anayeigeuza kuwa azima amechukua kitu ambacho hakuna aliyempa. Na Sura Al-Mutaffifin (83:2-4) yamlaumu mtu ambaye katika kupokea hudai kipimo kamili, na katika kutoa hupunguza. Mtu huyo aweza kuwa muuzaji, aweza kuwa mnunuzi.

Sasa tutazame mwisho wa jambo hili lisipozuiwa. Huko Marekani, katika jimbo la Maine, Leon Leonwood Bean alianza mwaka 1912 kuuza viatu vya wawindaji. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa ubovu, naye akarudisha fedha za wote. Uaminifu huo ukawa sifa ya kampuni ya L.L.Bean, na kwa miaka mingi mteja aliweza kurudisha mali bila kuwekewa muda. Mwezi wa Februari 2018 kampuni iliweka mpaka wa mwaka mmoja, tena kwa risiti. Sababu ni kwamba baadhi ya wateja walirudisha vitu walivyovivaa miaka mingi, na hata vitu vikuukuu walivyovinunua kwa watu wengine. Waaminifu nao wakapoteza haki yao. Wachache walichafua kisima, na wote wakakosa maji.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Huenda maneno “hairudishwi” yaliandikwa na mkono wa mwenye duka, lakini wino mwingine ulitoka kwa wanunuzi wa jana. Kesho mama lishe atakayenunua jiko bovu kwa akiba yake yote ataonyeshwa maneno hayo, naye hana kosa.

Ama hoja ya kwamba mwenye duka ni tajiri na si Muislamu, tukumbuke masharti ya baiati tuliyoyakubali. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alipokea baiati ya kwanza Ludhiana tarehe 23 Machi 1889. Sharti la nne latukataza kuwadhuru viumbe wa Mwenyezi Mungu, kwa ulimi, kwa mkono au kwa njia nyingine yo yote. Viumbe hao hawakugawanywa kwa mali zao. Na sahaba Jarir bin Abdullah r.a. aliponunuliwa farasi kwa dirhamu 300, alimwendea muuzaji na kumwambia kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akamwongezea hadi 800. Alikumbuka kwamba baiati yake ilikuwa ya kuwatakia watu mema.

Lakini asidhani mtu kwamba kurudisha mali mbovu ni aibu. Mali ikiwa na kasoro ya kweli, irudishe na udai haki yako bila hofu.

Ndugu yetu akauliza, “Basi pishi yangu ya tende ni kiasi gani?” Nikamwambia: machimboni pampu hukodishwa kwa siku, hesabu siku zako. Wenzake walikataa kuchanga. Alikwenda peke yake, akakiri, akalipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Mwenye duka hakusilimu, wala hatukumtaka asilimu kwa sababu hiyo. Ila dhamana yake ingali ukutani.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe waaminifu katika kutoa na katika kupokea. Amin.