Kusikia si Kufuata: Adabu ya Kuzungumza na Mwenye Dini Nyingine

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Bibi mmoja wa mji wetu ametuletea barua, naye ametutaka tumjibu katika ukurasa huu ili na wengine wapate kufaidika. Mwanawe yuko masomoni Marekani, katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah. Jimbo hilo lilijengwa na wafuasi wa dini ya Wamormoni, na hata leo watu hao ni wengi huko. Jirani zake kijana huyo ni watu wa dini hiyo. Alipofika wakati wa baridi hana nguo ya kumfaa, wao ndio waliompa koti. Alipougua, wao ndio waliompeleka hospitali. Na Ramadhani ilipoingia, mama wa nyumba ile aliuliza jua huchwa saa ngapi, akawa humpelekea futari mlangoni. Baadaye jirani yule alikuja na vijana wawili wa kanisa lao, wakamwomba ruhusa wamweleze itikadi yao, wakamwachia na kitabu. Kijana akamwandikia mama yake: "Mama, niwajibu nini?"

Barua hiyo iliposomwa nyumbani, watu waligawanyika. Ami yake alisema, "Na ahame leo hii, na koti lao awarudishie." Binamu yake alisema, "Dini zote ni njia za kumwendea Mungu mmoja. Madhali wamemtendea wema, hapana dhara akienda kusali nao." Na watu wa barazani walicheka wakasema, "Dini gani hiyo iharimishayo kahawa?" nao vikombe vya kahawa viko mikononi mwao. Bibi huyo atuuliza: katika hao watatu, ni nani aliye na haki?

Twasema: katika hao hapana hata mmoja aliyeuliza kwanza, "Watu hawa waamini nini?" Nasi tumefunzwa na wanavyuoni wetu kuwa haifai kulihukumu jambo ambalo sura yake huijui. Basi natutangulize kujua.

Mtu aliyeiasisi dini hiyo ni Joseph Smith, aliyezaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont. Alidai kuwa alijiwa na malaika, akaonyeshwa mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya watu wa kale. Mwaka 1830 alitoa kitabu kiitwacho Kitabu cha Mormoni, na mwaka huo huo akaasisi kanisa lake katika jimbo la New York. Hivi leo wafuasi wake ni zaidi ya milioni 17 duniani, na baadhi yao wamo katika nchi yetu ya Kenya. Wenyewe hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 mkuu wao wa wakati huo aliwahimiza watu walitumie jina hilo badala ya Wamormoni. Jambo hili sisi twapaswa kulifahamu upesi kuliko wengine, kwani zamani za ukoloni tulikuwa tukiitwa kwa jina la Mtume wetu, kana kwamba twamwabudu yeye. Nasi tukichukia, na tulikuwa na haki ya kuchukia.

Katika itikadi yao, Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa; na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu mbalimbali, si dhati moja. Pia wasema kuwa wahyi haukukatika, na kwamba mkuu wa kanisa lao ni nabii. Kwa itikadi hizi Wakristo wengi huwakataa kuwa ni wenzi wao; na mwaka 2001 Kanisa la Katoliki lilitoa hukumu kuwa ubatizo wao si sahihi. Ama katika matendo, wao hufuata mafunzo ya tangu mwaka 1833 yanayowakataza ulevi, tumbaku, chai na kahawa. Hutoa fungu la kumi la mapato yao, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi huacha milo miwili, na thamani ya chakula hicho wakawapa maskini.

Na watu hawa wameonja dhulma. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri kuwa waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo hilo, na amri hiyo haikufutwa rasmi illa mwaka 1976. Joseph Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu mwaka 1844, akiwa ndani ya jela ya Carthage katika jimbo la Illinois. Ndipo Brigham Young alipowaongoza wengi wao safari ndefu ya kwenda Utah, wakawasili mwaka 1847. Walakini mwenye insafu hataji upande mmoja akauficha wa pili. Mwaka 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows, askari wa mgambo wa Kimormoni waliwaua wasafiri wapatao 120, wanawake na watoto wakiwamo. Na kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1978, waliwazuilia watu weusi daraja za ukuhani wao. Aliyedhulumiwa jana aweza kudhulumu leo, nasi hatukukingwa na hatari hiyo.

Sasa natuyapime maneno ya wale watatu.

Ama binamu, asemaye dini zote ni moja, twamwambia kuwa amekosea, ijapokuwa nia yake ni upole. Sisi twaamini kuwa Mwenyezi Mungu hafanani na chochote, hana mwili wala hana mwana, na kwamba Muhammad ni wa mwisho wa Mitume, kama ilivyobainishwa katika Sura ya Ahzab. Wao waamini kuwa alikuja nabii mwingine baada yake huko Marekani. Maneno haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Na Mmormoni mwenyewe hasemi kuwa dini zote ni moja. Lau angesema hivyo, asingeiacha nyumba ya wazee wake kwenda kuitangaza dini yake. Basi mwenye kumwambia, "Mimi na wewe ni mamoja," hakumheshimu. Amekataa tu kumsikiliza, kwa tabasamu. Na kushiriki ibada usiyoiamini ili kumfurahisha jirani ni kumdanganya jirani huyo, na ni kuidanganya nafsi yako mbele ya Mola wako.

Ama ami, asemaye kijana akimbie, twaijua khofu yake, nayo ni khofu ya mapenzi. Watu wa pwani hawajasahau zamani ambapo mtoto aliyetaka kusoma aliambiwa abadili kwanza jina lake. Lakini natumkumbushe habari za Habasha. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia kwa Najashi, Makureshi walituma wajumbe wamwombe awatoe watu wale bila ya kuwasikia, kwa kuwa wameleta dini ngeni isiyojulikana na yeyote. Najashi alikataa mpaka awaulize wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza, na kwa sikio lile la mfalme Mnasara Waislamu wakapata amani. Siku ile wenye dini ngeni tulikuwa sisi. Je, yafaa tumsifu Najashi kwa kusikiliza, kisha tumharimishie kijana wetu jambo lile lile?

Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Mumtahana hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mama aliyeuliza saa ya kuchwa jua ili amfuturishe mtoto wa watu hakumpiga vita mtu yeyote. Kumrudishia koti lake ni kumvunja uso.

Ama wale wa barazani, kosa lao ndilo kubwa zaidi, kwani hawakuogopa wala hawakupenda, wamecheka tu. Sisi nasi hucheka tunapochekwa kwa kuacha nguruwe? Sura ya Hujurat yatukataza watu kuwadharau watu wengine, na Sura ya An'am yatukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga. Kijana huyo asimulia kuwa aliwapikia wale wageni wake chai ya tangawizi kama ipikwavyo kwetu, nao wakamwomba radhi kwa adabu kuwa dini yao hairuhusu. Akakumbuka namna yeye mwenyewe aombavyo radhi anapoletewa mvinyo. Akawatilia maji, wakanywa. Kijana huyu peke yake alifahamu jambo ambalo baraza nzima haikulifahamu.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Zamani tulipokuwa wanafunzi, tulisimama katika uwanja tukimsikiliza mhubiri wetu akiwafanyia mzaha watu wa dini nyingine, na kila alipowaumbua tulipiga takbiri. Kando yetu alikuwapo fundi mmoja Mkristo, mtu mwema aliyekuwa akitutengenezea baiskeli zetu. Aliinamisha kichwa akaondoka, wala hakutuambia neno. Takbiri zile zilimtukuza nani? Tumejiuliza swali hilo miaka mingi.

Lakini, ee mama yetu, hayo yote siyo yaliyotutia uzito moyoni. Lililotutia uzito ni lile swali la mwanao: "Niwajibu nini?" Kijana huyu alikhitimu Kur'ani chuoni akiwa mdogo, na sauti yake ni nzuri. Wale wageni walimwuliza, "Ninyi mwaamini nini juu ya Yesu, na kwa nini mwasema Muhammad ndiye wa mwisho?" naye akanyamaza. Barua yako ilipotufikia, tuliliweka swali hilo hilo mbele ya darasa letu. Walikuwapo vijana 12. Wawili walijibu, na katika hao wawili mmoja alisoma maneno aliyoyahifadhi bila ya kuweza kuyafasiri. Waliosalia walitazama mkeka. Basi aibu hii ni ya nani? Si yao, ni yetu sisi walimu, tuliowafunza kutamka na hatukuwafunza kufahamu.

Mvulana wa Kimormoni awezapo kufika umri wa miaka 18 hutoka kwao muda wa miaka 2, na msichana hutoka muda wa miezi 18. Aghalabu gharama hutoka mfukoni mwake au mwa wazee wake; hujifunza lugha ya watu atakaowaendea, hufungiwa milango mingi, na kesho yake akarejea. Sisi mtoto wetu tulimfungia masanduku ya nguo na halua, wala hatukumpa hoja hata moja ya dini yake. Kitabu kile kilichowekwa mezani kwake sicho kilichomtisha. Kilichomtisha ni kuona kuwa alichopewa na sisi hakitoshi kujibu.

Tena watu hao wamesoma habari zetu. Chuo chao kikuu kiitwacho Brigham Young kilitoa mwaka 1997 kitabu cha Imamu Ghazali, Tahafut al-Falasifa, ukurasa mmoja Kiarabu na wa pili Kiingereza. Katika sisi tunaolitaja jina la Ghazali kila maulidi, ni wangapi tuliokifungua kitabu hicho?

Yabaki swali la mwisho: je, ni halali mtu kumwita mwenziwe katika dini yake? Sisi hatuwezi kusema si halali, kwani tumeamrishwa kuwaita watu katika njia ya Mola wetu. Na tunachokitaka kwa wengine yatupasa tuwape. Lakini kuita kuna adabu zake, nazo zatufunga sisi kama zinavyowafunga wao. Kwanza, mwenye kuita aseme wazi kuwa aita, asijifiche katika vazi la urafiki. Pili, asiifanye shida ya mtu kuwa chambo. Chakula cha mwenye njaa na dawa ya mgonjwa visiwe na sharti. Tatu, asimwendee mtoto mdogo nyuma ya wazee wake. Nne, akiambiwa "La, ahsante," akubali, na ujirani ubaki kama ulivyokuwa. Watu hao walipojenga nyumba ya chuo chao katika mji wa Kudsi miaka ya 1980, walitoa ahadi kuwa hawatawaita wenyeji wa huko katika dini yao. Basi mtu aweza kuishika imani yake kwa nguvu na akaunyamazisha ulimi wake kwa ajili ya ahadi aliyoitoa.

Basi, ee mama yetu, mwandikie mwanao maneno haya. Koti ni halali yake, alivae. Futari ni halali, ikiwa haina kilichoharimishwa, nayo aipokee kwa shukrani. Na sikukuu ikifika awapikie jirani zake pilau awapelekee, ili wema urudi kwa wema. Dini haimo katika malipo hayo. Awasikilize wale vijana akipenda, na asipopenda awaambie kwa uso mkunjufu. Kanisani kwao asiende kusali. Na swali lao asilijibu kwa kubahatisha. Awaambie, "Nipeni muda nisome," kwani kusema "sijui" kulikuwa desturi ya maimamu wetu wakubwa.

Nasi tumemwandalia waraka wenye majibu ya maswali yale mawili, kwa Kiswahili kilicho wazi, nao utafika kwako juma hili umpelekee. Waraka huo huo tutausoma katika darasa letu kila Alkhamisi baada ya sala ya Isha, hata wale vijana kumi waliotazama mkeka waweze kuueleza kwa vinywa vyao wenyewe. Na ami yake, na binamu yake, na jamaa wa barazani, wote twawakaribisha, kahawa itakuwapo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo bora. Wabillahi tawfiq.