Lango na Pembea

Katika utoto wangu, Unguja, sikukuu ilikuwa mahali kama ilivyokuwa siku. Mtu akiulizwa jioni ya Idi mosi anakwenda wapi, alijibu kuwa anakwenda sikukuuni, naye hakukusudia kalenda bali kiwanja cha Mnazi Mmoja, penye pembea na urojo na ubuyu na vumbi la viatu vipya. Kuingia kiwanjani hakukuwa na bei. Mtoto aliyepewa sikukuu na ami na shangazi zake alinunua zamu moja moja mpaka sarafu zikamwishia. Asiyepewa kitu aliingia vilevile, akatazama.

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka bahari kwenda kula Idi kwa dada yangu, Mbagala. Wanawe watatu nilikuwa nimewaahidi kuwapeleka Kunduchi, kwenye bustani ya michezo ya maji. Asubuhi tulipokuwa tukitoka, tulimkuta mlangoni mtoto wa nne, wa jirani, mwenye umri wa miaka saba hivi, kavaa kanzu na kofia, amekwisha kuagana na mamake. Hakuna aliyemwalika, hakuna pia aliyethubutu kumrudisha.

Mbagala iko kusini, kando ya Barabara ya Kilwa; Kunduchi iko kaskazini, katika Kinondoni, na kati yake limelala jiji zima. Tulipanda daladala Rangi Tatu, tukateremka Mwenge, tukapanda nyingine iendayo Tegeta, tukashuka Mtongani, pale ambapo watu wamechimba mawe na kuyaponda kwa nyundo wapate kokoto za kuuza. Siku ile nyundo zilikuwa kimya. Kutoka hapo tukachukua bajaji mbili. Tulipofika langoni nilihesabu fedha, nikahesabu tena. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kiingilio nikasahau ya njiani, na ya mtoto wa nne sikuwa nayo tangu mwanzo. Dada yangu tulikwisha kuafikiana kuwa atabaki nje. Zilizosalia zilitosha mtu mzima mmoja na watoto watatu, nami sikuweza kujitoa, maana watoto wadogo hawaachwi majini peke yao.

Chakula hugawika. Sinia la pilau la watu wanne huliwa na watano, na adabu ya kuvuta mkono mapema kila aliyelelewa pwani anaijua. Kiingilio hakigawiki, hakuna robo ya kuingia. Adabu yote tuliyofunzwa juu ya sinia haikunifaa kitu mbele ya lango lile.

Msomaji ataniambia kuwa kiwanja cha zamani kilikuwa na haki zaidi. Sina hakika. Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, kwa miaka mingi ilitoza kiingilio kidogo na juu yake tiketi ya kila mchezo. Mwaka 1982 tiketi zile zikaondolewa, mtu akawa analipa mara moja tu, langoni. Mpango huo una hoja yenye nguvu. Aliyekwisha kuingia ni sawa na mwenzake: mtoto wa waziri na mtoto wa mpiga debe husimama foleni moja wakingoja kuteleza, wala hapana ajuaye nani ni nani. Kiwanjani kwetu umasikini ulitangazwa upya kwenye kila pembea. Nakumbuka nikiwa nimeishiwa kabla ya magharibi, nimesimama nikihesabu mizunguko ya wengine, na aibu ile haikuwa na utamu wowote, hata leo ninapoisimulia kwa mapenzi.

Lakini nakumbuka pia rafiki aliyeteremka akanipa zamu yake ya pili. Alinipa kwa sababu aliniona. Lango huleta usawa wake kwa kuwaweka nje ya macho wale ambao usawa huo haukuwafikia, na mtu hampi zamu yake asiyemwona. Kama ni lazima nichague, nitaichagua aibu inayoonekana, ingawa najua kuwa ni rahisi kuchagua hivyo kwa mtu ambaye siku hizi ana nauli.

Langoni nilifikiri kuwarudisha wote. Hilo nalo nikalitilia shaka: je, ni haki kuwanyima watatu ili walingane na mmoja? Nikiwa bado nasitasita, binti mkubwa wa dada yangu, wa miaka kumi na mitatu, akasema, “Mjomba, mimi nitakaa na mama. Nimesuka jana, sitaki nywele zilowe.”

Nilijua anasema uongo, na dada yangu alijua. Usiku kucha alikuwa hazungumzi jambo jingine ila maji yale. Tukaupokea uongo wake kama wadeni, haraka, bila ya kumtazama usoni, nami nikaingia na watatu. Mpaka leo sijui kama tulimheshimu au tulimtumia. Mtoto wa jirani alicheka tangu alipoingia hadi alipotoka.

Alasiri tuliwakuta wawili wale ufukweni, upande wa kijiji cha wavuvi. Dada yangu ameketi mchangani, viatu vya binti yake mapajani. Binti alikuja akitokea majini na gauni lake la Idi, maji ya chumvi yakimchuruzika kutoka kwenye mistari ya nywele mpaka shingoni, akamuuliza yule mdogo kama kuteleza kunatisha.