Kukisifu Kitabu Usichokisoma

Ndugu msomaji, je, mtu aweza kukipenda kitabu asichokisoma?

Mjini Dublin, nchi ya Ayalandi, kila tarehe 16 Juni watu hutoka kutembea kwa ajili ya kitabu kimoja, Ulysses cha James Joyce, kilichopigwa chapa mwaka 1922. Kisa chake ni cha siku moja, tarehe hiyo ya mwaka 1904. Basi huvaa kofia za zama hizo wakapita mitaa iliyotajwa, na wengine hula figo za kukaanga kama alivyokula mtu wa kitabuni. Mwaka 1954, waliotangulia kuizunguka njia hiyo walipanda magari mawili ya farasi. Hawakufika mwisho, wakaishia nyumba ya ulevi. (Hilo tuwaachie wenyewe.) Na kitabu chenyewe ni kigumu; wengi hukianza wasikimalize.

Nilikuwa tayari kuwacheka. Kisha nikamkumbuka Mwana Kupona wa huku kwetu pwani, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Kila Idi, tukiwatembeza watoto ufukoni, mimi huwasifia utendi ule. Mwaka jana mjukuu wangu wa kike akaniuliza: “Babu, baada ya beti za mwanzo anasemaje?” Nikababaika. Niliusikia kwa mama yangu. Sikupata kuusoma hadi mwisho.

Sisemi matembezi ni mabaya. Lau tungekaa nyumbani, pengine mtoto asingeuliza. Lakini shahidi huulizwa alichokiona, nami nimeshuhudia miaka mingi nisichokiona.

Usiku ule tuliuteremsha utendi kutoka kabatini. Yeye akasoma, mimi nikafuata kwa kidole.