Amana ya Moto na Maji

Kitu cha kale hupendwa kwa sababu mbili: uzuri wa umbo lake, na ushahidi kinaoutoa juu ya watu waliokitengeneza. Mapenzi hayo ni ya haki. Lakini viko vitu vya kale ambavyo mapenzi peke yake hayavitoshi, navyo ni vile ambavyo vikirudishwa kazini huweza kuua. Kiti kibovu humwangusha akikaliaye. Saa mbovu humchelewesha aitazamaye. Boila bovu huangusha nyumba juu ya wenyeji wake, na juu ya mgeni asiyejua kuwa limo. Kwa hiyo kununua na kufufua boila kuukuu la makaa ya mawe si jambo la ufundi tu. Ni swali la maadili: mtu ana haki gani juu ya mali yake, na ana deni gani kwa wale watakaoitumia mali hiyo kwa imani?

Katika nyumba nyingi za Marekani za mwanzo wa karne ya 20, maji ya moto yalipatikana kwa jiko dogo la chuma cha kusubu lililowekwa chini ya nyumba. Kuta zake zilikuwa na uwazi wa kupitisha maji, na mabomba mawili yaliliunganisha na tangi refu lililosimama kando, aghalabu la galoni 30 za nchi hiyo, yaani lita 114 hivi. Maji yaliyopata moto yalikuwa mepesi yakapanda kwa bomba la juu. Ya baridi yakashuka kwa bomba la chini kushika mahali pake. Hapakuwa na pampu wala mtambo wa kuongoza. Watu waliliita jiko hilo kwa jina la ndoo moja ya makaa kwa siku, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa chakula chake. Majiko ya namna hii bado huuzwa katika minada na maduka ya vitu vya kale, na baadhi ya wanunuzi hawatosheki na pambo. Wataka kuyaona yakiwaka.

Hapo ndipo hatari ianzapo. Moto wa gesi hufungwa, na umeme hukatwa, mara maji yapatapo joto la kutosha. Makaa yaliyokwisha kushika moto hayasikii amri. Huendelea kuwaka, maji yatakiwe yasitakiwe. Maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwa joto la digrii 100 na hayapiti hapo. Yakifungiwa, joto na shinikizo hupanda pamoja, nayo hubaki maji ingawa yamepita mpaka wa maji. Chuma kikipasuka katika hali hiyo, sehemu ya maji hugeuka mvuke kwa ghafula, na lita moja hutoa takriban lita 1,600 za mvuke. Hatari ya pili haina mshindo. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo rangi wala harufu. Dohani iliyoziba huirudisha chumbani, na waliolala huenda wasiamke.

Wa kwanza kuulizwa juu ya hatari hii ni mwuzaji. Je, aliye na kitu chenye ila amelazimika kuisema ila hiyo, au yatosha asiseme uwongo? Swali hili ni kongwe. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Masihi, alieleza ushindani wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, juu ya mtu auzaye nyumba yenye mbao mbovu na nyoka vyumbani. Diogenes aliona kuwa kunyamaza si kuficha, na kwamba mnunuzi ana macho yake. Antipater aliona kuwa kumwacha mtu aangamie kwa kutojua ni sawa na kumpoteza njia kwa makusudi. Cicero mwenyewe alielekea upande wa Antipater. Sheria ya Kiislamu, ambayo pwani ya Afrika Mashariki imeifuata kwa karne nyingi, ilifika hapo hapo kwa njia yake: mnunuzi aliyevumbua ila ya tangu kale ana hiari ya kuirudisha mali, na nafaka iliyolowa haifichwi chini ya nafaka kavu.

Lakini mwuzaji wa boila kuukuu ana udhuru ambao mwuzaji wa nafaka hana. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kilichomo ndani. Udhuru huu wakubalika kwa sharti moja, nalo ni kuutamka. Anenaye, "Sijui kama chombo hiki chafaa kutiwa moto," amesema kweli na amemkinga mwenziwe. Anenaye, "Kilikuwa kikifanya kazi vizuri," hali hakupata kukiona kikifanya kazi, ameufanya ujinga wake kuwa bidhaa.

Wa pili ni fundi. Yako matengenezo ya macho na yako matengenezo ya kazi. Matengenezo ya macho hukwangua kutu, hung'arisha shaba, hupaka rangi nyeusi, na mwisho wake kitu kibovu huonekana kizima. Kwa pambo hayo si makosa. Kwa chombo cha moto na maji ni hatari iliyovikwa nguo ya sherehe, maana rangi hufunika ufa, na ufa ndio uliokuwa mwonyaji wa pekee. Wahenga walisema kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika jambo hili yafaa kuongeza kwamba kuuziba ufa kwa rangi ni kuuficha.

Historia ya Marekani ina mashahidi wawili. Mwezi wa Aprili mwaka 1865 meli ya Sultana ilifika Vicksburg, katika mto Mississippi, boila lake moja likivuja. Fundi alitaka kazi kamili. Nahodha alitaka haraka, kwa kuwa abiria walikuwa wakingoja na malipo pamoja nao. Kikabandikwa kiraka cha bamba jembamba kuliko bamba la asili. Meli iliyoruhusiwa abiria 376 ikapakia zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliotoka kifungoni, na tarehe 27 Aprili ikalipuka karibu na Memphis. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wataalamu wamebishana juu ya chanzo cha mlipuko ule, lakini juu ya uchaguzi wa nahodha hapana ubishi: alipima muda wake kwa maisha ya wengine.

Shahidi wa pili ni mgumu zaidi. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, boila la zamani la kiwanda cha viatu cha Grover lililipuka, na watu 58 wakafa. Ufa wake ulikuwa umejificha mahali mabamba mawili yalipolaliana, pasipofikiwa na jicho. Kwa hiyo nia njema haitoshi, wala jicho jema halitoshi. Mwaka 1907 jimbo la Massachusetts lilitunga kanuni za ujenzi wa maboila, na mwaka 1915 chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani kilitoa kanuni zake. Sheria hizo zilitungwa baada ya makaburi kuchimbwa. Apuuzaye kanuni kwa kuiona ni usumbufu wa maofisa hupuuza wasia wa waliokufa.

Wasia huo, kwa boila la nyumbani, ni mfupi. Chombo kijazwe maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi shinikizo lipite lile la kazi, kabla ya kutiwa moto hata mara moja. Maji baridi yakivuja hulowesha sakafu tu. Ukoko wa chokaa uondolewe, kwa kuwa huzuia maji kukipoza chuma. Lehemu ya risasi isiguse maji ya kunywa, na kamba za asbesto ziondolewe na wajuao kazi hiyo. Vali mpya ya usalama iwekwe, na bomba lake lisiwe na kizuizi chochote hadi nje. Mabomba ya zamani yaliweza kuyarudisha maji yaliyopanuka hadi bomba kuu la mji. Siku hizi mara nyingi pana vali inayoyazuia, na chombo kilichokuwa salama kwa babu chaweza kuwa si salama kwa mjukuu ingawa hakikubadilika. Dohani isafishwe na kujaribiwa.

Labda mtu atasema, "Nyumba ni yangu, na roho ni yangu." Kauli hiyo ingekuwa na nguvu kama angeishi peke yake, asipokee mgeni, asizae, wala asiuze nyumba yake. Moto hauulizi hati ya kumiliki. Mtoto aoshwaye kwa maji yale hakupiga kura katika ununuzi, na mnunuzi wa kesho atarithi kila kiraka kilichofichwa leo.

Wengine hudhani kuwa kukiacha chombo kipumzike ni kukidharau. Sivyo. Ikiwa chuma kimeshindwa katika majaribio, heshima iliyobaki ni kukihifadhi kwa umbo lake na kukinyima moto: kikaushwe, kikatwe na mabomba, na kitobolewe mahali pa wazi ili asije mwingine akakiwasha kwa kutojua. Fundi atoboaye tundu hilo hupunguza bei ya kitu chake kwa mkono wake mwenyewe, na hapana atakayemshukuru, kwa kuwa msiba uliozuiwa hauna shahidi. Lakini uaminifu usiopunguza chochote katika mfuko wa mtu bado haujajaribiwa, kama boila ambalo halijapimwa kwa maji.