Je, Mtu wa Kwenye Sinema Anaweza Kusingiziwa?

Nina shemeji mmoja mkali sana kwa mambo ya sinema. Ukimwambia umeiona filamu fulani, swali lake la kwanza ni hili: "Umeiona, au umetafsiriwa?" Kwake yeye, muvi iliyowekewa sauti ya Kiswahili juu yake ni sawa na kuhadithiwa harusi na mtu aliyepita tu barabarani akasikia ngoma. Majuzi tulikuwa tunakula mishkaki, mazungumzo yakafika kwenye Titanic, akanitolea hukumu pale pale mezani: "Shem, wewe Titanic hujaiona. Umesimuliwa."

Sikumjibu, mdomo ulikuwa na kazi. Lakini neno lake limenikaa kichwani, kwa sababu chini yake kuna swali ambalo sisi wapenda vitabu na filamu tunalipita kila siku bila kulisalimia. Mtu anayetuletea hadithi kutoka lugha nyingine ana deni kwa nani? Kwa aliyeitunga? Kwa sisi tuliokaa kwenye benchi? Au (na hili ndilo linalonisumbua zaidi) kwa watu waliomo ndani ya hadithi yenyewe, ambao hata hawapo?

Kwa msomaji ambaye hakupitia vibanda umiza, nieleze kidogo. Chumba kimoja, mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni iliyopandishwa juu kama mgeni rasmi, na joto la kukufanya ujute. Filamu ni ya Marekani, Hong Kong au India. Anayeifanya iwe yako ni mtafsiri. Wengine walikaa pale pale na kipaza sauti, wengine walirekodi sauti kwenye kanda ikasafiri nchi nzima. Kwa Tanzania jina kubwa ni marehemu Derek Mukandala, ambaye wengi tunamjua kama Lufufu. Wakenya wana DJ Afro wao, na Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda na ina mabingwa wake. Mtafiti Matthias Krings aliandika makala kuhusu sanaa hii ya Tanzania, akaipa jina linalozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Nimeupenda mfano huo. Wali ni chakula kamili, hakuna aliyesema haufai. Ila ukishanusa bizari na mdalasini, hurudi nyuma.

Na kwenye chakula hatuna ugomvi kabisa. Nenda Forodhani, Unguja, jioni, uagize pizza ya pale. Utaletewa unga mwembamba uliokunjwa, ndani yai, nyama ya kusaga, vitunguu, umekaangwa kwenye chuma. Ukitaka, wanakutilia ndizi na chokoleti. Mtu wa Napoli akiiona atauliza pizza iko wapi. Sisi tunakula, tunalamba vidole, na hakuna anayesema Italia imedhulumiwa. Chapati nayo ilikuja na Wahindi, leo mama ntilie wa Kariakoo hamuulizi mtu ruhusa. Kwa nini basi filamu iwe na kesi?

Kuna anayesema ni kwa sababu filamu ni sanaa na chapati ni chakula. Mimi jibu hilo silikubali, kuna chapati nimekula zina sanaa kuliko muvi nyingi. Nadhani tofauti iko kwingine. Ndani ya pizza hakuna mtu. Ndani ya hadithi yumo.

Kabla sijafika huko, tumwondolee mtafsiri wa kibandani mzigo ambao si wake peke yake. Kubadilisha hakukuanza kwenye kanda za VHS. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Tazama jina hilo vizuri. Kwa Shakespeare mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio, yule muungwana aliyekopa. Kwa Mwalimu wamekuwa wengi, na ni mabepari. Neno lenyewe lina asili ya Kihindi na maana yake ya zamani ni mfanyabiashara tu, kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba Mwalimu katafsiri neno kwa neno. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani Tanzania alisikia "bepari" akafikiria mwenye duka? Kwa herufi mbili za mwanzo, "ma", Antonio mpole ametiwa kapu moja na Shylock mkopesha riba. Mimi binafsi nadhani ni usomaji mkali na wa haki wa tamthilia ile, maana Antonio naye pesa zake zinatembea baharini kutafuta faida. Ila ni usomaji. Mwalimu kaingiza sauti yake juu ya sauti ya Shakespeare, na sisi tumeupa kazi hiyo heshima ya darasani.

Shaaban Robert naye alituletea Omar Khayyam kwa Kiswahili, lakini kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Na FitzGerald hakuwa mtu wa kushika neno. Rubai mbili tatu za Kiajemi aliweza kuzichanganya zikawa moja, akaongeza na yake. Kwa hiyo Mswahili anayefurahia Khayyam anakunywa chai iliyopita vikombe vitatu. Je, hajainywa? Shemeji yangu hapa hanyamazi, atasema hajainywa. Basi mwambie Mwingereza aliyelelewa na FitzGerald kwamba naye kasimuliwa tu.

Sasa turudi kwenye Titanic. Niliiona Mwanza, Kirumba, kwenye kibanda kimoja, kiingilio shilingi mia. Filamu ilitoka mwishoni mwa 1997, sisi ikatufikia baadaye kidogo, kwa kanda. Mtafsiri alikuwepo mwenyewe na kipaza sauti chake, na alikuwa moto kweli kweli. Jack kampa jina, mchumba wa Rose kampa matusi, watu wa daraja la tatu waliofungiwa mageti kawatetea utafikiri yeye ndiye wakili wao. Chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele kama uwanja wa mpira.

Halafu meli ikaanza kuzama.

Mwanza, miaka ile. MV Bukoba ilikuwa imezama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na nyumbani, ikafa na mamia ya watu. Kwenye mabenchi yale, sidhani kulikuwa na mtu asiyemjua aliyepoteza mtu. Kuna pale ambapo mama mmoja wa daraja la tatu anawalaza watoto wake wawili, anawasimulia hadithi ili walale, maji yanapanda. Mtafsiri akanyamaza. Si kwamba alikosa la kusema, mtu yule angeweza kuongea juu ya sabuni saa nzima. Alikishusha kipaza sauti. Tukakaa na Kiingereza ambacho wengi wetu hatukukijua na ile violini yao, dakika kadhaa, na hakuna aliyedai tafsiri.

Baadaye bibi Rose anatupa baharini mkufu wa almasi, na jamaa akarudi kazini: "Bibi! Bibi weee! Hiyo si ingejenga ghorofa tatu? Na mjukuu umesafiri naye, unamnyima urithi hivi hivi?" Kibanda kikapasuka kwa kicheko.

Shemeji atasema kicheko kile kiliharibu mwisho wa filamu. Kweli, kitu kilipotea. Bibi yule ameficha jambo moyoni zaidi ya miaka themanini, anaomba kimya cha nusu dakika, na hakukipata Kirumba. Lakini sikiliza tena ile kelele. Ni swali ambalo filamu yenyewe iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200 haikuthubutu kuuliza: ni nani anayeweza kutupa almasi baharini na kuita hayo mapenzi? Mtu aliyelipa shilingi mia na kesho hajui atakula nini alikuwa na haki ya kuuliza. Mtafsiri alimuulizia. Hapo mimi naona uhakiki wa filamu, tena mzuri kuliko mwingi nilioukuta magazetini.

Lakini si kila sauti iliyo juu ya filamu ni uhakiki, na hapa ndipo utetezi wangu unakwama.

Nilishawahi kuona kanda ya filamu moja ya Kihindi, ya zamani, nyumbani kwa jirani Dar. Mume anampiga mkewe. Mke anasema kitu huku analia. Mtafsiri, kwa sauti nyembamba ya kumwigiza, akampa maneno: eti anaomba msamaha kwa kuchelewa kupika kwa sababu alikuwa kwa jirani anapiga umbea. Sebule ikacheka. Miaka mingi mbele nikaikuta filamu ile ile ina maandishi chini. Hakuna chakula kilichochelewa, hakuna umbea. Mume kacheza kamari, kapoteza pesa, na mke anamuuliza pesa ziko wapi.

Yule hakutafsiri. Alimtungia mtu kosa ili kipigo kieleweke. Kwa Kiswahili chetu jambo hilo lina jina, na si "utani" wala "ubunifu". Ni kusingizia.

Utasema, atasingiziwaje mtu ambaye hayupo? Mwigizaji kalipwa kaenda zake, mhusika ni picha kwenye kioo, hana jina la kuchafuliwa wala mahakama ya kwenda. Hoja ina nguvu, naikubali nusu. Mwanamke yule wa kwenye kanda hakuumia chochote. Ila sebuleni walikuwepo wanawake na wasichana, wamekaa kwenye mkeka, na wao walifundishwa kitu jioni ile: kwamba ukiona mwanamke kapigwa, tafuta alichokosea, na usipokiona, kitunge. Singizio halikupata pa kutua kule India, likatua kwetu sisi. Na tofauti na Mwalimu, ambaye ukishuku "mabepari" wake unaweza kufungua kitabu cha Shakespeare ukalinganisha, sisi hatukuwa na pa kukimbilia. Mdomo wa mwanamke yule ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ndiyo maana naweka uzito wa deni hapo, kuliko kwenye maneno. Almasi mtanie unavyotaka. Mbabe wa Hong Kong mpe jina la Mzaramo, mwambie kazaliwa Manzese, nitacheka na wewe. Lakini anayelia kwenye hadithi ana kitu kimoja tu, yaani sababu ya kulia, na ukimnyang'anya hicho umemaliza kila kitu. Yule wa Kirumba sidhani alisoma popote nadharia ya tafsiri. Alijua tu wapi pa kushusha kipaza sauti.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba ruhusa ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, na kanda zile hazikuwa na ruhusa ya mtu. Hilo ni deni halali, ingawa sikumbuki kampuni yoyote ya Hollywood iliyofungua duka Kirumba ili tukatae kununua.

Siku hizi naangalia kwenye simu, maandishi yanapita chini kimya kimya, safi, na shemeji yangu ameridhika kwamba sasa naona filamu yenyewe. Mimi sina uhakika huo. Juzi niliangalia ya Kikorea, mama mkwe kaongea karibu dakika nzima kwa hasira, chini kukatokea maneno manne. Yale mengine yamekwenda wapi? Lufufu ukimsikia unajua ni Lufufu, unaweza kumbishia, unaweza kumzomea. Huyu wa maandishi nilisubiri hadi majina yote ya mwisho yakapita, mpaka ya madereva na wapishi, nikitafuta lake. Halikuwepo.