Ukamilifu Unaomngojesha Jirani

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mashambani alituandikia barua ya ukurasa mmoja. Mtoto wake mchanga alishikwa na homa kali usiku, padre yu mbali, na bibi yake akambatiza kwa maji ya mtungini. Asubuhi homa ikashuka, mtoto akapona. Mama alitaka kujua neno moja tu: je, mwanawe amebatizwa kweli, au bibi ametenda dhambi kwa kushika kazi ya padre?

Jibu lake halizidi mistari sita. Kama bibi alimmiminia maji na kutamka maneno yapasayo, kwa nia ya kutenda litendalo Kanisa, mtoto amebatizwa, wala harudiwi. Apelekwe parokiani, ibada zilizobaki zitimizwe, na jina lake liandikwe katika kitabu cha ubatizo. Lakini sisi hatukuandika mistari sita. Tulisema moyoni: swali hili ni zito, lastahili makala nzima, yenye historia, yenye mafundisho ya Mababa wa Kanisa na sheria zote kwa nambari zake. Tukaiweka barua kando mpaka tupate nafasi ya kulifanya jambo vema. Baada ya miezi minne ikaja barua ya pili. Mama alituomba radhi kwa kutusumbua. Alisema kimya chetu amekielewa: bila shaka dhambi ya bibi ni kubwa mno, hata padre mhariri ameshindwa kuitaja.

Tulimjibu siku ile ile. Tangu hapo swali moja limekaa nasi: je, kutaka jambo liwe kamili kwaweza kuwa kosa?

Tulipojichunguza, hatukuona uvivu. Katika miezi ile minne tulifanya kazi usiku na mchana. Tulichokiona ni hofu. Tulimfikiria msomaji mwenye elimu, labda padre mwenzetu tuliyesoma naye seminari kuu, akisoma jibu letu fupi na kusema kwamba tumeacha hiki na kile. Kwa hiyo ule ukamilifu haukuwa wa mama hata kidogo. Ulikuwa wetu, tuvae sisi. Yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta naye hakuiiba wala hakuitapanya; aliogopa kukosea mbele ya bwana wake. Na talanta moja haikuwa fedha haba: ilikuwa dinari kama 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya jasho iliyolala ardhini.

Wengine watatukumbusha kwamba Bwana mwenyewe ametuagiza tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni. Ni kweli, nayo yamo katika sura ya 5 ya Matayo. Lakini neno la Kiyunani alilolitumia Matayo, teleios, lataja kitu kilichofikia mwisho wake, kilichotimia, kama tunda lililoiva. Na agizo lile lafuata mara baada ya habari ya jua na mvua ambazo Mungu huwapa wema na wabaya pamoja. Luka, katika sura yake ya 6, anapofika mahali pale pale, haandiki ukamilifu, anaandika huruma. Baba haizuii mvua mpaka mashamba yote yawe yamepaliliwa.

Mtakatifu Alfonsi Maria de Liguori aliujua ugonjwa huu kwa ndani. Alikuwa mwanasheria hodari wa Napoli. Mwaka 1723 alishindwa katika kesi kubwa, kwa kuwa katika hati alizozisoma alipitiwa na jambo moja. Masimulizi ya maisha yake yasema alijifungia chumbani siku tatu bila kula. Akaacha sheria, akapata upadre mwaka 1726. Hata baada ya hapo wasiwasi wa dhamiri ulimtesa mpaka uzeeni. Lakini mtu huyu huyu, ambaye kosa moja lilimvunja moyo hivyo, aliweka nadhiri ya kutopoteza wakati wake hata kidogo. Kitabu chake kikuu cha maadili hakukifungia sandukuni mpaka kiwe hakina lawama. Alikitoa mwaka 1748, kikiwa maelezo aliyoyaongeza juu ya kitabu cha mtu mwingine, kisha akakisahihisha na kukipanua katika matoleo yaliyofuata. Mwaka 1871 Kanisa lilimwita Mwalimu wake. Sisi twapenda kuuona utakatifu wake katika masahihisho yale: mzee anayekubali mbele ya watu kwamba aliloandika jana lahitaji kurekebishwa.

Hapa msomaji atatushika: je, basi tufanye kazi ovyo? Hasha. Anayepima dawa, anayechimba msingi, anayeshika fedha za jumuiya, anayeandika ndoa katika kitabu cha parokia, huyo na arudie mara mbili na tatu. Haraka haraka haina baraka. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tumezoea kuchagua methali inayotupa ruhusa ya kukaa kitako.

Tazama nyumbani. Baba huahirisha kuandika wosia mpaka nyumba ipauliwe na shamba lipimwe. Anafariki, na mjane anatolewa nje na shemeji zake. Ndugu wawili wamegombana. Aliyekosa anangoja siku ifaayo, wazee wawepo, maneno yapangike, na wakati huo watoto wao hawasalimiani njiani. Mzazi anamnyang'anya mtoto jembe kwa sababu tuta lake limepinda. Tuta linanyooka, naam, lakini mtoto amefundishwa kwamba ni afadhali asishike jembe kabisa.

Na katika mambo madogo hasara ni ya ajabu. Barua ya yule mama tuliisoma mara tano katika miezi ile, kila mara tukianza kuifikiri upya na kuirudisha mahali pake. Dakika kumi tulizoona hazitoshi zilikula zaidi ya saa nzima, mbali na uzito wa moyo kila tulipoiona bahasha. Sasa tuna desturi: barua iwezayo kujibiwa kwa mistari sita hujibiwa kabla haijatoka mkononi, nayo isiyowezekana hupewa siku yake, na mwandishi wake huambiwa siku hiyo. Mara nyingine twakosea. Wiki chache zilizopita msomaji mmoja alitusahihisha kwa ukali kidogo; tukamshukuru, na jibu la pili likaenda kwa posta iliyofuata.

Mtoto yule, tumepata habari, amekwisha kupokea Komunyo ya kwanza, na bibi yake alikuwapo kanisani. Makala kubwa juu ya ubatizo wa hatari ya kufa, yenye Mababa wa Kanisa na sheria zote kwa nambari zake, haijaandikwa mpaka leo.