Kimea cha Ulezi

Mwaka 1994 Japani ilishusha kiwango cha chini cha leseni ya bia kutoka lita milioni 2 kwa mwaka hadi 60,000. Viwanda vidogo vikachipuka hadi vijijini, vingi vikiwa na mgahawa pembeni. Kwetu Ukuryani, Tarime na Serengeti, ujuzi wa kutengeneza pombe upo tangu enzi na enzi: mama analoweka ulezi, anausubiri uote, anauanika, anausaga, unga mwingine unachachuka na kukaangwa, ndipo kimea kinapoingia. Wazee hukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Watalii wengi wanapita Mugumu kwenda mbugani bila kuonja. Mama huyu anastahili leseni anayoimudu, na banda safi la kuwakaribishia wageni.